KITULO: NANI ALISEMA PALE NI PATUPU?

Mwombe kijana yeyote wa mjini akutajie hifadhi za taifa za Tanzania. Serengeti ataitaja kabla hujamaliza swali. Mikumi ataikumbuka kwa sababu basi la Mbeya hupita katikati yake. Kilimanjaro anaiona kila siku kwenye chupa, za maji na zile nyingine. Ataitaja na Ngorongoro, ambayo kisheria wala si hifadhi ya taifa, lakini tumsamehe.

Mwulize kuhusu Kitulo. "Kitu gani?"

Simlaumu. Kitulo haina simba wala tembo wala twiga. Watalii wa kupanga foleni ya magari ili wampige picha chui aliyelala juu ya mti hawaendi kule. Ukipanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona hamsini na saba, ukapita Matamba, ukatokea juu, utakachokuta ni majani. Majani mpaka jicho linakoma. Baridi ya kuumiza masikio, ukungu, maua kama ni msimu wake, na ndege.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze kuhusu hayo majani. Nimekuwa nikisoma habari za uwanda huu kwa muda sasa, na kila ninavyosoma naona jambo moja linajirudia. Historia ya Kitulo, kwa zaidi ya miaka mia moja na arobaini, ni historia ya watu kufika pale, kutazama, na kusema: "Hapa hapana kitu, tuweke kitu." Kila mmoja alikuja na kitu chake. Na kila mara kulikuwa na mwenyeji aliyekwishajenga pale, katikati ya majani, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Hata lugha yetu ina dharau kidogo kwenye jambo hili. Tunasema "porini". Tunasema "nyikani". Watu wa pwani waliwaita wenzao wa bara ya karibu Wanyika, na haikuwa sifa. Mtu akikuuliza kiwanja chako kina nini ukajibu "majani tu", amekwishajua kwamba hakina kitu. Kwa hiyo tusijifanye kwamba macho haya ya kuona utupu waliyaleta wageni peke yao.

Kwanza tujue tunazungumzia wapi. Kitulo ni uwanda wa juu, Nyanda za Juu Kusini, uliokaa katikati ya safu tatu za milima: Kipengere, Uporoto na Livingstone. Sehemu kubwa yake iko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Pembeni yake unasimama mlima Mtorwi wenye mita 2,961, ambao kwa vipimo vilivyozoeleka unaupita Rungwe kwa mita moja tu. Najua Wanyakyusa watanitafuta kwa hilo. Udongo wake ni wa majivu ya volkano, zawadi ya hiyohiyo milima ya Rungwe iliyowahi kutapika moto. Mvua huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni baridi ni kali kiasi kwamba asubuhi unaweza kukuta majani yameshika barafu nyembamba. Ndiyo, barafu, Tanzania, na si Kilimanjaro.

Mvua zikishika, uwanda wote hupasuka maua. Wenyeji wa pale, Wawanji, Wakinga, Wasafwa na majirani zao, wanapaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wamehesabu aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwemo okidi za ardhini aina 45 hivi. Baadhi ya mimea hiyo haipatikani mahali pengine popote duniani.

Hapo kwenye "popote duniani" tusimame kidogo, maana ndipo penye ushahidi. Kwa miaka mingi wasomi wengi waliamini kwamba nyanda za majani za milimani barani Afrika zilikuwa misitu ambayo binadamu aliikata na kuichoma. Yaani majani ni kidonda, na tiba yake ni kurudisha miti. Kuna mahali hilo ni kweli. Lakini mmea unaotaka jua la wazi, unaoishi Kitulo tu na kwa jirani zake wachache, haukuzuka juzi. Aina mpya ya mmea haijitengenezi katika miaka mia mbili au mia tatu ya binadamu kuchoma moto. Uwingi wa mimea ya namna hiyo unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya majani yale ni ya kale sana. Baridi, barafu, moto na wanyama wala majani viliyalinda yasimezwe na msitu. Ndege wanasema hivyo hivyo, kama tutakavyoona.

Basi turudi nyuma, mwaka 1877.

Mwaka huo alipita katika milima hii Mwingereza James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kufuatilia biashara ya watumwa. Alitokea Ziwa Nyasa, akapanda milima ya kaskazini ya ziwa, akielekea pwani kwa njia ya bara. Hakufika. Alifia Ugogo Desemba 1877. Kitabu cha safari zake kilitoka mwaka 1879, yeye akiwa ameshazikwa. Lakini jina lake lilibaki milimani: kwa miongo mingi ramani za Wazungu ziliandika pale "Elton Plateau", yaani uwanda wa Elton. Mtu amepita siku chache, ameondoka, amekufa, na uwanda umekuwa wake. Watu waliokuwa wakiishi kandokando na kuchunga pale kwa vizazi, jina lao la mahali halikufika kwenye ramani.

Baada yake wakaja Wajerumani. Kati ya waliokuja alikuwepo daktari wa jeshi aliyeitwa Friedrich Fülleborn, mtu wa kukusanya kila kitu chenye uhai. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa katika milima hii ya kusini, na ndege waliokusanywa huku walisafirishwa mpaka makumbusho ya Berlin. Huko bingwa wa ndege Anton Reichenow aliwatazama na kuwapa majina ya kisayansi. Mwaka 1900 alitangaza ndege wawili wanaotuhusu sana leo: kweche wa milimani, yule ambaye dume lake huota mkia mrefu mweusi wakati wa kuzaliana na kupepea juu ya majani kama bendera ya msiba, na chiriku wa Kipengere, ambaye duniani kote anapatikana Tanzania peke yake. Miaka ya 1930 aliongezeka ndege mwingine mdogo wa kahawia, wa kujificha kwenye majani, aliyepewa jina la kisayansi Cisticola njombe. Huyu anaishi katika milima ya kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Malawi.

Umeona mambo hayo? Mwaka 1900 kulikuwa na watu Berlin waliojua kwamba majani ya Kinga na Kipengere yana ndege wa kipekee. Walikuwa nao kwenye droo, wamekaushwa, wamefungwa kikaratasi mguuni. Na bado kwa karibu miaka mia iliyofuata, uamuzi wowote kuhusu ardhi ile ulifanywa kana kwamba droo hiyo haipo.

Sasa niwatambulishe ndege wawili wakubwa wa hadithi hii. Wakubwa kwa umuhimu, maana mmoja wao ni mdogo kabisa.

Wa kwanza ni tandawala. Huyu ni ndege wa kutembea, mrefu, dume lake linaweza kufika kilo tisa na zaidi, kichwa kina weusi na weupe, shingo ya rangi ya kutu. Wakati wa kutafuta mke, dume hujaza hewa kooni mpaka shingo inavimba kama puto jeupe, kisha anatembea taratibu kwa maringo ili aonekane kutoka mbali. Ndiyo maana anahitaji uwanda wa wazi. Puto lako utalionyesha nani ukiwa katikati ya miti? Jike hutaga yai moja au mawili chini kabisa, ardhini, bila hata kujenga kiota. Analinda kwa kutulia tu, rangi ya mgongo wake ikifanana na majani makavu. Kwa adui wa kawaida, mbinu hiyo inafanya kazi. Kwa trekta haifanyi kazi.

Wa pili ni mbayuwayu buluu. Mbayuwayu tunamjua wote, hata kwa ule usemi wa kuchanganya akili zake na zako. Lakini huyu ni wa aina yake: buluu iliyoiva mwili mzima, inayong'aa kama chuma, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Anakula wadudu hewani, chini chini juu ya majani na mabonde yenye maji. Kinachoshangaza ni nyumba yake. Hajengi kwenye paa wala kwenye mwamba. Anaingia kwenye shimo ardhini: shimo la muhanga, au ardhi iliyotitia, au shimo la zamani lililochimbwa na watu. Humo ndani anabandika kikombe cha tope lililochanganywa na majani, anakitandika manyoya laini, anataga mayai kama matatu.

Fikiria mlolongo huo. Ili mbayuwayu buluu apate pa kuzaa, lazima kuwe na muhanga wa kuchimba. Ili muhanga achimbe, lazima kuwe na mchwa na siafu wa kula. Ili mchwa wawepo, majani yawepo. Na pawepo bonde lenye unyevu karibu, la kutoa tope na wadudu. Ukilima pale mara moja, shimo limefukiwa. Ukipanda msitu, wadudu wa wazi wamekwisha. Dunia nzima wamebaki watu wazima elfu chache tu wa ndege huyu, naye yumo kwenye orodha ya walio hatarini.

Sasa tunafika baada ya Uhuru, na hapa naomba tuwe waungwana. Ni rahisi kukaa leo mbele ya kompyuta na kuwacheka wazee. Taifa lilikuwa changa, lilikuwa linaagiza ngano na maziwa kutoka nje, na lilikuwa na uwanda wa juu wenye baridi kama ya Ulaya, udongo mzuri, mvua ya uhakika. Wewe ungefanya nini? Katika uwanda huu na pembezoni mwake vikajaribiwa kondoo, ngano, pareto na ng'ombe wa maziwa. Shamba la mifugo la serikali likaota mizizi Kitulo na mpaka leo lipo, na ng'ombe wake wa maziwa wamesambaa kwa wafugaji wengi. Hilo si jambo la kubeza.

Lakini angalia namna hoja ilivyokuwa. Hakuna aliyesema, "Kuna ndege wanaozaa hapa, tupime hasara na faida." Ardhi ilihesabiwa kuwa bure. Maneno yalikuwa yaleyale ya wakoloni: ardhi isiyotumika. Rangi ya aliyeyasema tu ndiyo iliyobadilika. Bahati ilikuwa kwamba baridi, umbali na barabara mbovu vilizuia mengi. Wakati mwingine, ndugu zangu, barabara mbovu imelinda vitu ambavyo sheria haikuvilinda.

Miaka ya 1990 likaja jambo lingine, na hili lilitoka upande wa Zambia.

Wazambia wana chakula kinachoitwa chikanda. Wanachukua viazi vidogo vya okidi za ardhini, wanavikausha, wanavitwanga, wanachanganya na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, wanapika mpaka inaganda, kisha wanakata vipande. Ni chakula cha asili cha kaskazini mwa nchi yao. Lakini kilipopendwa Lusaka na miji mingine, mahitaji yakazidi uwezo wa mashamba yao ya asili. Okidi za kwao zilipopungua, wanunuzi wakavuka mpaka. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha makadirio yao: kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinatoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kwa mwaka. Na ukichimba kiazi, umeua mmea. Haubaki mzizi wa kuchipua.

Nani alikuwa anachimba? Si majambazi. Ni kina mama na vijana wa Makete na jirani zake. Kumbuka Makete ya miaka ile ni moja ya wilaya zilizopigwa vibaya sana na UKIMWI nchini. Nyumba zilibaki na bibi na wajukuu. Mnunuzi akija na fedha mkononi, akisema niletee debe la viazi vya porini, ambavyo hakuna anayevimiliki, wewe utamwambia nini bibi huyo? Kwamba okidi ni urithi wa dunia? Dunia ilikuwa wapi wakati anazika wanawe?

Ndiyo maana hadithi ya kuanzishwa kwa hifadhi ni ngumu zaidi kuliko inavyosimuliwa kwenye vipeperushi. Kwenye vipeperushi inaanza hivi: mwaka 2002 Rais Benjamin Mkapa alitangaza nia ya serikali kuifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 2005 ikatangazwa rasmi, kilomita za mraba 413 hivi, ikiwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Wakati huo Makete ilikuwa mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe umezaliwa mwaka 2012. Yote hayo ni kweli, na ni ya kujivunia. Nchi maskini kuamua kulinda maua na ndege wasiomvutia mtalii wa kawaida ni jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazijalifanya.

Halafu kana kwamba milima inatoa asante, mwaka huohuo wa 2005 dunia ilitangaziwa nyani mpya kabisa kwa sayansi: kipunji. Watafiti walikuwa wamesikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa kule Rungwe, wakamfuatilia, wakamkuta pia katika msitu wa Livingstone, ambao umo ndani ya hifadhi. "Mpya kwa sayansi", maana wawindaji walikuwa na jina lake siku zote. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe.

Lakini kwa upande wa bibi wa Makete, hadithi ni hii: jana nilikuwa nachimba, nalisha ng'ombe, nakata nyasi za kuezekea. Leo nikivuka mpaka nafanya kosa. Ndani ya hifadhi ya taifa huchungi, huchimbi, hukati. Mlinzi anakuja na bunduki. Faida inayosemwa ni utalii, na watalii wa Kitulo ni wachache ukilinganisha na wa Serengeti. Kwa hiyo ule upofu wa zamani wa kuona ardhi tupu ulitaka kujirudia kwa sura nyingine. Safari hii ndege walionekana vizuri sana, na waliokuwa hatarini kutoonekana ni watu.

Na biashara ya chikanda haikufa. Watafiti waliorudi kuifuatilia miaka ya 2010 waliikuta bado ina nguvu, ikiwa imesogea kwenda maeneo mengine ya nchi kila upande mmoja ulipokwisha. Ukifunga uwanda mmoja bila kumpa mchimbaji kazi nyingine, umehamisha tatizo.

Sasa nije kwenye jambo litakalowaudhi baadhi yenu, hasa nyie wa kampeni za mazingira. Miti.

Tumelelewa na wimbo mmoja tangu darasa la kwanza: panda miti. Kata mti, panda mti. Kiongozi akitembelea wilaya lazima apewe mche na koleo. Na mahali pengi ni sahihi kabisa. Lakini kwenye uwanda wa majani wa kale, kupanda miti ni sawa na kulima. Msonobari na mkaratusi vinaziba jua na kunywa maji. Tandawala hana pa kutembea. Mbayuwayu buluu hana shimo.

Hili si la kubuni. Afrika Kusini sehemu kubwa ya majani aliyokuwa akizaa mbayuwayu buluu iligeuzwa mashamba ya mbao, na leo jozi zinazozaliana kule ziko chini ya mia moja. Kwa jirani zetu Malawi kuna uwanda unaofanana na Kitulo kama pacha, na jina lake, sikia maajabu, ni Nyika. Miaka ya 1950 shirika la maendeleo la wakoloni wa Kiingereza lilianza kupanda misonobari kule Chelinda, katikati ya Nyika, kwa mpango wa kutengeneza karatasi. Mpango ukakwama. Miaka ya 1960 Nyika ikawa hifadhi ya taifa, na leo ina mojawapo ya makundi makubwa kabisa ya mbayuwayu buluu duniani. Misonobari iliyobaki Chelinda bado imesimama kama barua ya mtu aliyekosea anwani.

Kitulo ndani ya mpaka wa hifadhi iko salama kwa hilo. Nje ya mpaka ni habari nyingine. Njombe na Makete watu wamegundua kwamba miti ni benki: unapanda leo, unasomesha mtoto baada ya miaka kumi. Viazi mviringo navyo vinalipa. Kila kipande cha majani kinachobaki nje ya hifadhi kinaitwa bado kwa jina lilelile, ardhi isiyotumika. Na ndege hasomi ramani ya TANAPA.

Tena huyu mbayuwayu hasomi hata ramani ya nchi. Mvua za kusini zikiisha na wadudu wakapungua, ndege wa aina hii huhama kwenda kaskazini, kwenye majani ya bonde la Ziwa Viktoria: Sango Bay kule Uganda, Ruma kule Homa Bay nchini Kenya. Anakaa huko miezi ya kipupwe, kisha anarudi kusini kuzaa. Ina maana Mkenya akilima majani ya upande wake, shimo la Kitulo linaweza kubaki bila mpangaji. Na sisi tukilima Kitulo, Mkenya atatazama angani Juni asione kitu. Marais wetu wamesaini mikataba mingi ya Afrika Mashariki. Ndege huyu ameitekeleza kabla haijaandikwa.

Utaniuliza, mimi niliye Sinza au Mwanjelwa inanihusu nini? Nitakujibu kwa maji. Kitulo ni paa. Mvua inayonyesha juu yake upande mmoja inateremka Ziwa Nyasa, na upande mwingine inateremka bonde la Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Wale mliokuwa Dar mwaka 2006 mnakumbuka mgawo wa umeme, jenereta zikinguruma kila duka, na kila mtu ghafla akawa mtaalamu wa kina cha maji Mtera. Mengi yalisababisha shida ile, ukame wa mwaka uliotangulia ukiwa wa kwanza. Lakini majani mazito juu ya udongo wa majivu yanafanya kazi ya sponji: yanapokea mvua, yanaiachia polepole. Tandawala anatembea juu ya tangi lako la maji.

Ninachokisema kwa ufupi ni hiki. Elton aliona njia ya kupita. Daktari wa Kijerumani aliona vielelezo vya kupeleka Berlin. Serikali changa iliona ngano na maziwa. Mnunuzi wa Zambia aliona chikanda. Mpanda mbao anaona mbao. Wote hawakuwa watu wabaya, na wengine walikuwa na haja ya kweli kuliko mimi na wewe. Kosa lao la pamoja lilikuwa hesabu. Waliandika sifuri mahali ambapo palikuwa na wenyeji, wenye manyoya na wasio na manyoya, halafu wakashangaa hesabu haitoki.

Hifadhi ya mwaka 2005 ilisahihisha nusu ya hesabu hiyo. Nusu ya pili ni ya watu wanaoizunguka: kwamba majani yakibaki, yawe na faida inayoonekana Matamba na Makete, kwenye ada ya shule na dawa ya zahanati. Bila hiyo nusu, tutategemea bunduki ya mlinzi peke yake, na bunduki haijawahi kulinda shimo la muhanga kwa muda mrefu.

Kwa hiyo siku nyingine ukisoma gazetini kwamba mahali fulani kuna "eneo kubwa lisilotumika linalosubiri mwekezaji", usifungue ukurasa wa michezo haraka. Uliza kwanza: nani anazaa pale? Nani anachunga pale? Maji yake yanakwenda wapi? Ukipata jibu, niambie, niandike.

Na kama una likizo kati ya Desemba na Machi, chukua koti zito. Panda basi mpaka Chimala, halafu uzihesabu zile kona. Ukifika juu usimwulize mtu kuna nini hapa. Kaa chini, nyamaza nusu saa, utamwona buluu akiingia ardhini.